Nyuzijoto moja ya Port Victoria si nyuzijoto moja ya Svalbard

KILA takwimu za kupanda kwa joto la dunia zinapotolewa, macho ya walimwengu huelekea kaskazini ya mbali, kwenye nchi za barafu, kwa kuwa huko ndiko kipimajoto kinakopanda kwa kasi zaidi. Maeneo ya Ikweta, yakiwamo ya kandokando ya Ziwa Victoria, hutajwa mwishoni, kana kwamba namba yake ndogo ni ushahidi wa madhara madogo.

Hesabu hiyo inapotosha. Ukubwa wa badiliko la joto ni jambo moja, na uzito wa badiliko hilo kwa maji, wadudu, samaki na binadamu wa mahali husika ni jambo jingine. Tofauti hiyo ndiyo inayopaswa kuzingatiwa na wanaogawa fedha za kukabiliana na mabadiliko ya tabianchi, kabla ya kuamua nani asaidiwe na nani asubiri.

Mfano mzuri ni wa sehemu mbili zinazotenganishwa na zaidi ya kilomita 8,600. Ya kwanza ni Port Victoria, mji wa wavuvi katika Bunyala, Kaunti ya Busia, karibu na mahali Mto Nzoia unapoingia ziwani. Ya pili ni Longyearbyen, mji mkuu wa visiwa vya Svalbard, vilivyo chini ya Norway, katika latitudo ya nyuzi 78 kaskazini mwa Ikweta.

Port Victoria jua huchomoza na kutua karibu saa zilezile mwaka mzima. Longyearbyen, kuanzia mwishoni mwa Oktoba hadi katikati ya Februari, jua halionekani kabisa, na katika miezi ya kiangazi halitui hata usiku wa manane.

Vipimo vinasema nini

Svalbard ina bahati ambayo sehemu nyingi za Afrika hazina. Wataalamu wa Norway wameunganisha vipimo vya vituo mbalimbali vya visiwa hivyo na kupata mfululizo mmoja wa joto unaoanzia mwaka 1898.

Kwa mujibu wa uchunguzi wa mfululizo huo uliochapishwa mwaka 2020, joto la Svalbard lilipanda kwa wastani wa nyuzijoto 0.32 za sentigredi kwa kila muongo kati ya mwaka 1898 na 2018. Kuanzia mwaka 1991 hadi 2018 kasi iliongezeka hadi nyuzijoto 1.7 kwa muongo, ambayo ni takriban mara saba ya wastani wa dunia nzima.

Eneo lote la Ncha ya Kaskazini nalo limekuwa likipata joto kwa kasi ya karibu mara nne ya wastani wa dunia tangu mwaka 1979, kama walivyoonyesha watafiti wa Finland mwaka 2022.

Kwa upande wa magharibi mwa Kenya, mfululizo uliochunguzwa kwa makini zaidi ni wa kituo cha Kericho, katika nyanda za juu zinazolikabili ziwa kutoka mashariki. Uchunguzi wa mwaka 2011, ulioongozwa na mtafiti wa Kenya Judith Omumbo na kutumia vipimo vya Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya, ulibaini kwamba kati ya mwaka 1979 na 2009 joto lilipanda kwa takriban nyuzijoto 0.2 kwa kila muongo.

Shirika la Hali ya Hewa Duniani nalo limeeleza kwamba bara zima la Afrika limekuwa likipata joto kwa takriban nyuzijoto 0.3 kwa muongo tangu mwaka 1991, ikilinganishwa na 0.2 katika miaka ya 1961 hadi 1990.

Miaka iliyopimwa haifanani kabisa, na Kericho iko juu zaidi kuliko Port Victoria. Hata hivyo, picha ya jumla iko wazi. Namba ya Svalbard ni kubwa mara nyingi kuliko ya magharibi mwa Kenya, na mtu anayezitazama namba hizo peke yake hawezi kulaumiwa akidhani kwamba mwenye shida ni mmoja tu.

Kwa nini kaskazini hupanda zaidi

Sababu za tofauti hiyo zinajulikana. Ya kwanza ni rangi. Barafu na theluji ni nyeupe, nazo hurudisha angani sehemu kubwa ya mwanga wa jua. Barafu ya baharini inapoyeyuka hubaki maji meusi, ambayo hunyonya zaidi ya asilimia 90 ya mwanga huo. Bahari iliyopata joto huzuia barafu mpya kuganda mapema, na mwaka unaofuata maji meusi huwa mengi zaidi. Ni sawa na mtu aliyevua kanzu nyeupe na kuvaa nyeusi wakati wa jua kali.

Ya pili ni tabia ya hewa yenyewe. Kaskazini ya mbali, hewa baridi na nzito hukaa chini, karibu na ardhi, hivyo joto la ziada hubanwa kwenye tabaka jembamba ambalo vipimajoto hulipima. Kwenye Ikweta mambo ni kinyume. Sehemu ya joto la ziada hutumika kugeuza maji kuwa mvuke, mvuke hupanda, hugeuka mawingu, na joto lake huachiwa kilomita kadhaa juu ya vichwa vya watu.

Kwa maneno mengine, joto la ziada la Ziwa Victoria halikupotea. Sehemu yake imebadilika sura na kuwa unyevu, mawingu na mvua. Kipimajoto hakiwezi kulionyesha lote, lakini mkulima wa Bunyala aliyeona shamba lake likimezwa na mafuriko huenda amelipokea kwa njia nyingine.

Namba ndogo, uzito mkubwa

Jambo la kwanza linaloifanya nyuzijoto moja ya Ikweta kuwa nzito ni uchache wa mabadiliko ya kawaida. Katika ukanda wa ziwa, tofauti kati ya wastani wa mwezi wenye joto zaidi na ule wenye ubaridi zaidi haizidi nyuzijoto tatu. Longyearbyen tofauti hiyo ni kubwa mara kadhaa. Aidha, wastani wa mwezi mmoja wa kipupwe huko unaweza kutofautiana na wa mwaka uliotangulia kwa zaidi ya nyuzijoto kumi.

Viumbe wa Svalbard wamezoea kuyumbishwa. Viumbe wa Ikweta wamezoea utulivu, na wengi wao wanaishi karibu na kikomo cha juu cha joto wanachoweza kukivumilia. Kuwaongezea kidogo ni kuwasogeza ukingoni.

Ndiyo maana Jopo la Kiserikali kuhusu Mabadiliko ya Tabianchi, IPCC, katika ripoti yake ya mwaka 2021, lilieleza kwamba ni katika maeneo ya tropiki ambako joto la sasa limekwisha kuachana waziwazi na hali iliyokuwapo mwanzoni mwa karne ya 20. Badiliko ni dogo kwa namba, lakini limejitokeza mapema kwa sababu kelele za kawaida za kulificha ni chache.

Jambo la pili ni mvuke. Kila hewa inapopata nyuzijoto moja zaidi, uwezo wake wa kubeba unyevu huongezeka kwa takriban asilimia 7. Lakini asilimia 7 ya kingi na asilimia 7 ya kidogo havilingani.

Hewa yenye nyuzijoto 25, iliyoshiba unyevu, hubeba takriban gramu 23 za maji katika kila mita moja ya ujazo. Ikifika nyuzijoto 26 huongeza zaidi ya gramu moja. Hewa yenye nyuzijoto 15 chini ya sifuri hubeba gramu moja na nusu hivi tu, na ikipanda nyuzijoto moja huongeza takriban sehemu moja ya kumi ya gramu. Kwa hiyo nyuzijoto moja juu ya Ziwa Victoria huweza kuongeza hewani maji mara kumi ya yale yanayoongezwa na nyuzijoto moja katika kipupwe cha Svalbard.

Jambo la tatu ni maji ya ziwa. Maji yakipata joto hupungua uzito na kuelea juu ya yale ya chini yaliyo baridi zaidi. Katika maji ya vuguvugu upungufu huo ni mkubwa zaidi. Kutoka nyuzijoto 25 hadi 26, maji hupoteza uzito takriban mara kumi ya yanavyopoteza kutoka nyuzijoto 5 hadi 6. Hivyo ongezeko dogo la joto kwenye ziwa la Ikweta linatosha kuweka kizuizi kati ya maji ya juu na ya chini, na kuyazuia yasichanganyike.

Kuchanganyika huko ndiko uhai wa ziwa. Upepo unapoyakoroga maji, hewa ya oksijeni hushuka chini na virutubisho hupanda juu. Kukoroga kukipungua, maji ya kilindini hukosa oksijeni, samaki hukimbilia juu au kandokando, na chakula cha viumbe wadogo wa maji ya juu huadimika.

Mfano uliochunguzwa kwa undani ni wa Ziwa Tanganyika. Mwaka 2003 Catherine O'Reilly na wenzake walichapisha uchunguzi ulioonyesha kwamba ongezeko la joto lisilozidi nyuzijoto moja, likiambatana na kupungua kwa pepo, lilikuwa limepunguza uzalishaji wa chakula cha asili ziwani humo kwa takriban asilimia 20. Walikadiria kwamba upungufu huo unaweza kupunguza mavuno ya samaki kwa takriban asilimia 30.

Ziwa Victoria halina kina kama Tanganyika. Kina chake cha wastani ni mita 40 hivi, na pepo hulikoroga kwa urahisi zaidi. Lakini lina mzigo mwingine wa mbolea na maji machafu yanayoingizwa na mito na miji, gugu maji, na uvuvi wa kupita kiasi. Joto linapoongezwa juu ya mzigo huo, huukaza. Mwishoni mwa mwaka 2022 wafugaji wa samaki wa vizimba katika upande wa Kisumu walipoteza samaki wengi kwa mkupuo, na upungufu wa oksijeni majini ukatajwa kuwa chanzo.

Kwa mji kama Port Victoria, ambao omena, mbuta na ngege ndio hulisha familia na kupeleka biashara hadi soko la Busia na ng'ambo ya mpaka nchini Uganda, jambo hilo linagusa mfuko wa kila nyumba. Mwenye mtumbwi hahitaji ziwa lichemke ndipo apate hasara. Inatosha samaki wahame mahali alipozoea kutega.

Funzo la mwaka 2020

Mwezi Mei 2020 Ziwa Victoria lilipanda na kupita rekodi iliyowekwa mwaka 1964, baada ya mvua kubwa zilizoanza mwishoni mwa mwaka 2019. Port Victoria na vijiji vya Bunyala vilipigwa kutoka pande mbili, kwani ziwa lilikuwa likisonga nchi kavu wakati Mto Nzoia nao ukifurika. Fuo za kupokelea samaki zilimezwa, mashamba yakageuka madimbwi, na wakazi wengi wakahamia kwenye kambi na kwa jamaa.

Ikumbukwe kwamba wapo waliodhani kuwa maji hayo yanatokana na barafu inayoyeyuka kaskazini. Hilo haliwezekani. Barafu ya nchi kavu, kama ile ya Greenland, ikiyeyuka huinua bahari, na Lamu na Mombasa zina haki ya kuihofia. Ziwa Victoria liko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Takriban asilimia 80 ya maji yanayoingia humo ni mvua inayonyesha moja kwa moja juu ya ziwa.

Swali la haki ni iwapo joto lililoongezwa na binadamu lilichangia mvua hiyo. Watafiti waliolichunguza suala hilo walichapisha matokeo yao mwaka 2024. Walikadiria kwamba mabadiliko ya tabianchi yaliongeza uwezekano wa ziwa kupanda kwa kasi ile kwa takriban mara 1.8, na kwamba bila mabadiliko hayo tukio kama hilo lingekuwa na maji pungufu kwa sentimita 7 hivi. Walikiri pia kwamba makadirio yao yana upana mkubwa wa shaka.

Sentimita 7 ni kimo cha kidole. Katika ziwa lililokuwa limepanda zaidi ya mita moja kwa nusu mwaka, mtu anaweza kuziona si kitu. Lakini sehemu kubwa ya Bunyala ni tambarare, na katika tambarare maji hayahitaji kupanda sana ili yaende mbali. Huo tena ni mfano wa namba ndogo yenye mzigo mkubwa.

Uadilifu unadai pia kueleza upande wa pili. Ziwa hili limewahi kupanda na kushuka kabla ya gumzo la tabianchi. Mvua za mwaka 1961 na miaka iliyofuata, zilizoitwa mvua za Uhuru, ziliinua ziwa kwa zaidi ya mita mbili. Mwaka 2006 lilishuka hadi kiwango cha chini kabisa kwa miaka ipatayo 80, kwa sababu ya ukame na kwa sababu ya maji mengi kufunguliwa kwenye mabwawa ya umeme ya Jinja. Mvua za mwaka 2019 ziliongezewa nguvu na hali ya Bahari ya Hindi, ambayo upande wake wa magharibi ulikuwa na joto kuliko kawaida.

Vilevile, mafuriko ya Nzoia hayana baba mmoja. Ukataji wa misitu katika vyanzo vya mto, Mlima Elgon na vilima vya Cherangani, hupeleka udongo mtoni na kuinua kitako chake. Matuta yaliyojengwa kuuzuia mto yamewahi kubomoka mara kadhaa. Kulitupia joto la dunia kila lawama kungekuwa kuwapa nafuu wale waliopaswa kukarabati matuta wasifanye hivyo.

Asiyepimwa hana kesi

Kuna tofauti nyingine kati ya sehemu hizi mbili, nayo huenda ndiyo yenye madhara makubwa zaidi. Svalbard, yenye watu wachache sana, ina vipimo vya zaidi ya karne moja na vituo vya utafiti vya mataifa mengi. Kaunti ya Busia, iliyohesabiwa kuwa na watu 893,681 katika sensa ya mwaka 2019, iko katika bara ambalo, kwa mujibu wa Shirika la Hali ya Hewa Duniani, idadi ya vituo vyake vya kupimia hali ya hewa imekuwa sehemu moja tu ya nane ya kiwango cha chini kinachopendekezwa.

Gharama ya upungufu huo ilionekana wazi katika mjadala wa Kericho. Mwaka 2002 kundi la watafiti lilichapisha katika jarida la Nature hitimisho kwamba hapakuwa na badiliko la maana la joto katika sehemu kadhaa za nyanda za juu za Afrika Mashariki, Kericho ikiwamo, na kwa hiyo kurejea kwa malaria katika sehemu hizo kusihusishwe na tabianchi. Walitegemea vipimo vilivyokadiriwa kutoka vituo vya mbali na kujaziwa kwa hesabu.

Mwaka 2006 kundi jingine, lililoongozwa na Mercedes Pascual, lilirudia hesabu kwa takwimu zilizoongezewa miaka na kuona kwamba joto lilikuwa limepanda. Ni mwaka 2011 ndipo vipimo vya kituo chenyewe, vilivyokaguliwa kwa makini, vilipothibitisha kwamba Kericho imepata joto.

Kwa takriban miaka tisa, basi, wataalamu walibishana iwapo joto limepanda au la, wakati kipimajoto kilikuwa kikisomwa kila siku papo hapo Kericho.

Ubishi huo haukuwa wa vitabuni tu. Kijidudu hatari zaidi cha malaria hushindwa kukomaa ndani ya mbu joto linaposhuka chini ya nyuzijoto 18 hivi. Mahali palipo karibu na kikomo hicho, kama nyanda za juu, ongezeko dogo linaweza kufungua mlango uliokuwa umefungwa. Kwenye mwambao wa ziwa mlango huo uko wazi siku zote. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2020 ulionyesha kiwango cha maambukizi cha asilimia 19 katika ukanda wa ziwa, wakati wastani wa Kenya ulikuwa asilimia 6. Huko Busia joto zaidi halitaleta malaria mpya, lakini huko Kericho linaweza. Hata ndani ya magharibi mwa Kenya, basi, namba moja haina maana moja.

Suala la vipimo limepata uzito mpya tangu mkutano wa Sharm el-Sheikh wa mwaka 2022 ulipokubali kuanzisha mfuko wa kufidia hasara na uharibifu unaotokana na mabadiliko ya tabianchi, ambao ulizinduliwa Dubai mwaka 2023. Anayedai fidia hutakiwa kuonyesha kilichobadilika, kwa kiasi gani, na tangu lini. Kijiji kisicho na kumbukumbu za mvua, za joto na za kimo cha maji kitafika mbele ya wagawaji kikiwa na machozi bila hati.

Nyufa mbili

Mwezi Februari 2008 Profesa Wangari Maathai wa Kenya alikuwa Svalbard, ambako pamoja na Waziri Mkuu wa Norway wa wakati huo, Jens Stoltenberg, alishiriki kufungua ghala la kimataifa la mbegu lililochimbwa ndani ya mlima. Ghala hilo lilikusudiwa kuzihifadhi mbegu za mazao ya dunia, za Afrika zikiwamo, katika ubaridi wa nyuzijoto 18 chini ya sifuri, likisaidiwa na ardhi ambayo ilidhaniwa ingeganda daima.

Mwezi Oktoba 2016, baada ya joto lisilo la kawaida na mvua, maji yaliingia kwenye njia ya ghala hilo. Mbegu hazikudhurika. Hata hivyo, mwaka 2018 serikali ya Norway ilitangaza kutenga kroner milioni 100 kuliimarisha, na njia mpya isiyopitisha maji ikajengwa. Vivyo hivyo, baada ya maporomoko ya theluji kuua watu wawili Longyearbyen mwezi Desemba 2015, nyumba zilizokuwa chini ya mlima zilibomolewa, nyingine zikajengwa mahali salama, na vizuizi vikawekwa mlimani.

Port Victoria na Bunyala hazikukaa bure pia. Mwaka 2007 ulianza mradi wa kupunguza mafuriko magharibi mwa Kenya kwa fedha za Benki ya Dunia, ambao ulihusisha matuta ya Nzoia na mfumo wa kutoa tahadhari. Idara ya Hali ya Hewa ilishiriki kuanzisha redio ya jamii ya Bulala huko Budalang'i ili tahadhari ziwafikie watu kwa lugha yao. Huko Vihiga, idara hiyo ilikaa meza moja na wazee wa Nganyi, wanaosifika tangu zamani kwa kusoma dalili za mvua, ili utabiri wa pande zote mbili upatane na kuaminiwa.

Hizo ni hatua za kupongezwa, lakini zinapozwa na kasi. Norway iliona ufa na kuuziba ndani ya miaka michache, kwa fedha zake yenyewe, ambazo kwa sehemu kubwa zimetokana na mafuta na gesi. Mkenya mmoja kwa wastani hutoa chini ya nusu tani ya hewa ya kaboni kwa mwaka, wakati Mnorway hutoa takriban tani 7. Aliyechangia zaidi ndiye mwenye uwezo wa kujikinga, na aliyechangia kidogo husubiri mfadhili.

Njia ya mbele

Hakuna anayesema kwamba Ncha ya Kaskazini isishughulikiwe. Barafu yake ni sehemu ya mtambo unaopoza dunia nzima, na kuyeyuka kwake kutaifikia pwani ya Afrika Mashariki kwa njia ya bahari. Mwaka 2024 dunia kwa ujumla ilikuwa na joto la takriban nyuzijoto 1.55 zaidi ya lile la kabla ya enzi za viwanda, na hakuna eneo litakalosalimika peke yake.

Linalodaiwa ni kipimo cha haki. Wanaopanga misaada wajiulize badiliko limevuka kwa kiasi gani mipaka ya kawaida ya mahali husika, limewakuta watu na kinga gani, na limewaacha na nini. Kwa kipimo hicho, nyuzijoto 0.2 kwa muongo karibu na Ikweta haitakuwa tanbihi chini ya jedwali.

Kwa upande wake, Kenya ina kazi ambayo haihitaji kusubiri mkutano wowote wa kimataifa. Vituo vya kupimia joto, mvua na kimo cha maji katika bonde la Nzoia na fuo za ziwa vikiongezwa, vikatunzwa, na kumbukumbu za zamani zilizo kwenye makaratasi zikahifadhiwa katika kompyuta kabla hazijaliwa na mchwa, baada ya miaka 30 Busia itakuwa na hati yake. Serikali ya kaunti ina nafasi ya kulifanya hilo kwa gharama ndogo kuliko ya kujenga upya tuta moja lililobomoka.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Svalbard waliuziba ufa wao kwa sababu waliuona mapema, na waliuona kwa sababu walikuwa wakipima. Kwa Bunyala, kipimajoto kinachosomwa kila asubuhi ni kinga kama lilivyo tuta la mto, na vyote viwili vinastahili kuwekwa katika bajeti moja.